Tonge la Kusukuma Mwiba

Hapa pa ziwa Mweru mutu akipaliwa na mwiba wa samaki, hatumukimbilii na mayi. Tunamukatia tonge la bukari, ule ugali wetu, kubwa, kavu, bila muboga, na tunamuambia: meza, usitafune. Anameza macho yakimutoka, tonge linashuka na mwiba wake, na watu wanarudi kwenye sahani. Nimeona hivyo tangu utoto wangu ng'ambo, upande wa Kongo, na bwana yangu ameona hivyo upande huu wa Zambia. Hakuna mutu aliyetufundisha. Ni dawa ya kila nyumba, na kwa dawa hiyo nusura nimuue mama yangu muzazi.

Nasema wazi juu mi si mutu wa kuzungusha maneno. Hapa Kabuta wananijua. Niko na mudomo, hasira yangu iko karibu, na mutu akinipimia chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, na kikombe kilichobonyezwa chini, atanisikia mupaka mwisho wa soko. Lakini kosa hili lilikuwa langu, na nikilificha nitakuwa nadanganya.

Mama alikuwa anaishi peke yake kwenye makao ya wakimbizi, analima mihogo na kuuza chumvi na sabuni kidogo. Tulivuka pamoja wakati wa vita. Mi nikaolewa huku pa ziwa, yeye akabaki na shamba lake. Mwanzo wa mvua, asubuhi moja, alianguka katikati ya mihogo. Presha ilipanda, damu ikakosa njia kichwani, mukono na muguu wa kuume vikalegea, mudomo ukavutwa kando. Alitibiwa, akaanza kutembea na fimbo, maneno yakarudi hata kama yalikuwa yanajikokota. Siku ya kutoka walituambia mambo mengi. Labda na mambo ya koo yalikuwamo. Mi nilishika tu ya presha: vidonge asubuhi, chumvi kidogo, asikasirike. Hiyo ya tatu nikacheka, juu wanawake wa nyumba yetu hatujui kuishi bila kukasirika.

Kumuleta kwangu haikuwa kazi nyepesi. Kwetu sisi, ng'ambo na huku, mama mukwe na mukwe wake mwanaume wanaogopana. Hawatazamani machoni, hawashikani mikono, hawasemeshani ila kupitia mutu mwingine, na kula mbele ya mwenzako ni aibu kubwa. Wakikutana njiani, mumoja anaingia majani. Bwana yangu akipita, mama alikuwa anainamisha kichwa mupaka kidevu kinagusa kifua, anakaa hivyo mupaka hatua zimalizike. Miaka yote ya ndoa yangu, sidhani kama mama alijua bwana yangu ana macho ya rangi gani.

Basi bwana yangu, bila mutu kumuambia, alimujengea mama chumba nyuma ya jiko, mulango ukitazama migomba, kusudi wasikutane ovyo. Kiisha akapanda mashua kurudi Chisenga, kile kisiwa ambako anavua, na neno aliloniachia lilikuwa moja: "Mama asikose samaki."

Samaki ikaja kweli. Kila mashua ya Chisenga iliyoshuka Kabuta ilikuwa na pale, wale samaki wapana wa ziwa letu, wawili watatu, wanene, wamefungwa na kamba ya muti kwa ajili ya mama. Siku ya pili ya kukaa kwangu mama alikula pale na bukari, akapaliwa. Akakohoa mupaka machozi, mupaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Jirani yangu, aliyekuwa amekaa hapo anasuka mukeka, akasema bila hata kuinua macho: "Mwiba huo." Nani angebisha? Sahani ilikuwa imejaa miba.

Nikakata tonge.

"Mama, meza. Usitafune."

Alijaribu. Tonge likakaa. Akashika shingo na mukono ule muzima, uso ukabadilika rangi, mi nikamupiga mugongo mupaka tonge likaruka na kuanguka kwenye majivu.

"Aka!" jirani akasema. "Huu mwiba ni mukubwa. Ongeza tonge."

Kesho yake nikaongeza. Siku ya tatu nikaleta muhogo wa kuchoma. Ya nne, ndizi nzima. Na kila mara nilimuinua kidevu juu na kumulaza kichwa nyuma, vile tunavyomunywesha mutoto dawa, kusudi njia ifunguke vizuri. Nilikuwa nafanya kwa mapendo. Hata leo nikikumbuka vidole vyangu chini ya kidevu chake, moyo unaniuma.

Kiisha mama akaanza kukataa chakula. "Siko na njaa." Na chai? "Nimekunywa." Alikuwa hajakunywa. Saa kumi nilikuta bukari ya saa sita bado iko ndani ya shavu lake la kuume, na yeye mwenyewe hajui. Siku ingine nilikuta kuku wanapigania chakula chake nyuma ya migomba. Nikapandisha hasira. "Mama, weye ni mutoto? Unataka nikuchape?" Ndiyo, nilimuambia mama yangu maneno hayo. Alifuta tu mate yaliyokuwa yanatelemuka upande ule uliolegea, akageuza uso.

Kitenge chake kikaanza kumuzunguka mara mbili. Sauti ikageuka, ikawa ya mutu anayeongea na mayi kooni. Wanasema mficha maradhi, kifo humfichua, na mama yangu alikuwa anaficha. Aliogopa kila kijiko. Aliona haya kukohoa na kutapika chakula katika nyumba ya mukwe. Mi sikuona woga wala haya, niliona ukaidi, juu ukaidi ninaujua vizuri, nimeurithi kwake.

Desemba ziwa likafungwa, kama kila mwaka, samaki wazae. Bwana yangu akarudi kutoka Chisenga na nyavu zake, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa amekwisha kusikia maneno: mama mukwe anakataa samaki ya mukwe wake. Hapa kwetu mukubwa akikataa chakula katika nyumba ya mukwe, watu hawatafuti sababu mbali. Ama ana kinyongo, ama anaogopa kitu kilichotiwa ndani ya chungu. Bwana yangu ni mutu mukimya. Alikaa juu ya nyavu, hakunisalimia vizuri.

"Nilimukosea nini mama?" akaniuliza. "Anafikiri mi ni mulozi?"

"Haina hivyo, baba watoto. Ana mwiba."

"Mwiba gani wa wiki tatu? Mwiba unaoza."

Hilo njo lilikuwa neno la kwanza la akili kusemwa nyumbani mwetu juu ya ule ugonjwa, na badala ya kumushukuru, nilimukasirikia. Nilimuambia wavuvi wanajua ziwa, koo wawaachie wanawake.

Siku mbili kiisha mama akashikwa na homa. Kifua kikawa kinakoroma, akawa anapumua haraka haraka, na alipotaka kuniita, jina langu halikutoka. Hapo nikaogopa kweli. Nikatoka mbio nikiita "Yangu! Yangu!" kama Mubemba kabisa. Bwana yangu akaleta baisikeli yake, ile ya kubebea samaki, akafunga gunia nyuma kwenye chuma. Hawezi kumugusa mama, na mama hawezi kumushika. Kwa hiyo yeye akashika usukani akitazama mbele kama askari, mi nikamukalisha mama nyuma na kumushika kiuno, tukaenda hivyo mupaka kituo cha afya, watu wakitutazama. Muguu wa mama ukiteleza, ninasema "Simama!", anasimama, hageuki. "Twende!", anakwenda. Pale kituoni nesi akamusikiliza mama kifua, akatutuma mara moja hospitali ya Nchelenge.

Dokta wa kule alisema chakula kimeingia mapafuni. Akamutia dawa mushipani. Homa ikaanza kushuka, nikafikiri tumepona. Kiisha akasema neno lingine: mama asipoweza kumeza bila kupaliwa, watamupitishia mupira mwembamba puani mupaka tumboni, apate chakula kwa njia ile. Alionyesha na kidole, puani kwenda chini. Mama hasikii Kiingereza, lakini kidole alikiona.

"Apana," akasema. "Munizike. Lakini pua yangu muache."

Nilimujua. Mutu aliyevuka ziwa na watoto wakati wa risasi hatishwi na kitanda cha hospitali. Akikataa amekataa, na kama hakuna mupira na hakuna kumeza, ninamupeleka mama yangu kaburini kwa njaa, na samaki imejaa nyumbani.

Kesho yake akaja mama mumoja wa fizio, wale wanaofundisha viungo vilivyolegea. Mufupi, mikono ya moto, anaongea Kibemba cha hapa hapa, ananiita mayo, yaani mama, na mi ninamutafsiria mama kwa Kiswahili. Hakugusa mama kwanza. Aliuliza. Anakula nini? Ameketi ama amelala? Anakohoa zaidi na chakula ama na mayi?

Nikafikiri. "Na mayi," nikasema, na nilipolisema nikajishangaa. Mwiba gani unaogombana na mayi?

Akachota mayi kidogo kwenye kijiko cha chai, akaweka vidole vyake juu ya koromeo la mama. "Ameze." Mama akameza, akakohoa. Yule fizio akachukua vidole vyangu, akaviweka pale pale, tukarudia. "Umesikia? Linachelewa kupanda."

Kiisha akanieleza, polepole, vile mutu anavyomuelezea mutoto njia ya dukani. Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya pumzi, na juu ya ile ya pumzi kuna kifuniko. Ukimeza, kifuniko kinafunga. Ule ugonjwa uliolegeza mukono wa mama ulilegeza na koo, kwa hiyo kifuniko kinachelewa. Mayi yana mbio, yanafika kabla mulango haujafungwa. Tonge kavu halina mbio, lakini koo iliyochoka haina nguvu ya kulisukuma, linakaa. Na ukimuinua mutu kidevu juu, njo unamufungulia ile njia ya pumzi vizuri zaidi.

"Na mwiba?" nikauliza.

"Hakuna mwiba, mayo. Na nafikiri hakukuwa na mwiba." Akanitazama. "Nani alikuwa anamupa bukari kavu?"

Nilitamani kusema jirani.

"Mi," nikasema.

Nilingojea anigombeze, na ningemushukuru. Hakunigombeza. Akasema si weye wa kwanza, hapa pa ziwa sisi wote ni madaktari wa miba. Mi nikatazama sakafu. Haya niliyoona siku ile sijapata kuiona tena.

Kiisha akaanza kumujaribu mama na uji muzito, ule unaobaki juu ya kijiko hata ukikigeuza kidogo. Alitaka kitu kimoja tu: kabla ya kumeza, mama ateremushe kidevu kifuani. Akasema kwa wagonjwa wengine hiyo inasaidia, kwa wengine haisaidii, yeye atajua akiona.

"Mama, teremusha kidevu," nikatafsiri.

Mama akainua kidevu.

"Chini, mama. Chini!"

Akakiinua zaidi. Maisha yake yote alikunywa dawa hivyo, kichwa nyuma, na wiki tatu nzima mi mwenyewe nilimukazia fundisho hilo na vidole vyangu. Nikajaribu kumusukuma kichwa, akakaza shingo, akanikasirikia. Vijiko vitatu, kikohozi mara tatu. Yule fizio akaweka bakuli pembeni. Akasema tumupumuzishe, tutajaribu kesho, na ikishindikana itabidi kurudi kwa neno la mupira. Machozi yakanitoka. Mi, ninayegombana na soko zima, nililia pale mbele ya wagonjwa wanawake kumi.

Hapo njo mulangoni tukasikia, "Odi?"

Alikuwa bwana yangu. Alileta chupa ya chai na blanketi, na hakujua kama mama amekalishwa kwenye kiti karibu kabisa na mulango. Mama aliposikia sauti ile, kichwa kikaanguka. Kidevu kikagusa kifua, pap, bila mutu kumutafsiria kitu.

Yule fizio alikuwa mwepesi. Akachota uji, akapitisha kijiko chini chini mupaka mudomoni mwa mama. "Ameze!" Vidole vyake vilikuwa kooni. Mama akameza. Tukangoja kikohozi. Hakikuja.

"Huyu mutu ni nani?" akaniuliza.

"Ni bwana yangu. Mukwe wake."

Mama wa fizio akacheka mupaka akashika kitanda. Ni mutoto wa hapa, hakuhitaji maelezo. Akamuita bwana yangu kwa heshima ya Kibemba, "Tata, usitoke, mukwai! Simama hapo hapo!" Masikini bwana yangu, muguu mumoja ndani, mumoja inje, chupa ya chai kifuani, uso ameugeuzia ukuta. Kijiko cha pili kikapita. Cha tatu. Kwa cha nne mama akanivuta nguo.

"Aibu, mutoto," akaninong'oneza. "Nakula mbele ya mukwe."

"Mama, yeye anaangalia ukuta. Weye unaangalia kifua. Nani amemuona nani?"

Akafikiri. "Ni kweli," akasema, na akafungua kinywa.

Alimaliza vijiko kumi na viwili. Nilihesabu kama ninavyohesabu watoto wakitoka mashuani. Neno la mupira halikusemwa tena.

Tulirudi Kabuta kabla ya Krismasi na masharti yetu. Mama akae wima, mugongo kwenye ukuta. Kijiko kidogo, kimoja kimoja, na kinywa kiwe tupu kabla ya kingine. Uji muzito, boga la kupondwa, majani ya muhogo yaliyotwangwa mupaka yalainike kabisa, samaki iliyochambuliwa na kuchanganywa na muchuzi muzito. Hata mayi ya kunywa tuliyapika na unga kidogo yapunguze mbio. Baada ya kula, kumusafisha kinywa na kitambaa, na asilale mupaka nusu saa ipite. Na kila baada ya vijiko vichache aseme "aaa", tusikie kama sauti ina mayi.

"Sema aaa, mama."

"Mi si mbuzi."

"Sema tu."

"Aaa. Umefurahi?"

Na bwana yangu alipewa kazi. Ziwa lilikuwa limefungwa, alikuwa nyumbani, basi mara tatu kwa siku alikuja nyuma ya migomba, akakohoa kidogo kujitangaza, akasimama pale na mugongo kwetu. Mama anainama, mi natia kijiko. Wenzake walimuchokoza sana. Wao wanashona nyavu, yeye ameajiriwa kusimama. Lakini nilimuona. Alikuwa anaoga kabla ya saa sita. Siku moja aliniuliza, sauti chini, "Anakula samaki yangu?" Nikamuambia anakula, jana alimaliza. Akaenda kupasua kuni ambazo hakuna mutu aliyemuomba.

Mi uvumilivu ulinishinda mara nyingi. Chakula cha kijiko kidogo kinachukua saa nzima, na chisense inaningojea juani. Ile haraka haraka haina baraka niliijua tangu shule, lakini kuijua na kukaa na kijiko mukononi ni vitu viwili mbalimbali. Nikimuharakisha tu, anakohoa. Nikinyamaza, anameza. Nilijifunza kunyamaza, na majirani wakafikiri mi njo ninaumwa.

Januari bwana yangu akaleta wazo. Kuna desturi ya kuingiza mukwe. Wanawake wa upande wa muke wanapika, wanamuketisha mukwe, wanamupa chakula mbele ya mama mukwe, na kutoka siku ile mwiko umeondoka, wanaweza kusemeshana na kula pamoja. Sisi hatukufanya, juu ya vita jamaa zetu walitawanyika. "Sasa mama yuko hapa," akasema. "Tufanye."

"Uko na kichaa?" nikamuambia. "Ukiingizwa leo, kesho hatainama! Unataka kumuua?"

Akaniangalia, tukaanza kucheka wote wawili, tukaliacha neno hilo. Nafikiri yeye njo mwanaume wa kwanza pa ziwa kukatazwa kuingizwa kwa sababu ya uji.

Machi ziwa likafunguliwa. Hapo woga ukanirudia. Chisenga haiko karibu, huwezi kusema njoo saa sita usimame kidogo nyuma ya migomba. Siku ya kuondoka akatundika koti lake kuukuu juu ya muti, pale pale alipokuwa anasimama, na kofia juu yake. "Tujaribu hivi," akasema. Nikaona aibu kwa ajili yetu wote, lakini sikuwa na wazo lingine.

Siku ya kwanza mama akainama, akala. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu akatazama koti, akanitazama mi.

"Weye mutoto. Mi niliugua mukono na muguu. Sikuugua akili. Ile ni koti."

"Basi mbona unainama?"

"Juu chakula inapita muzuri. Nayua tangu Krismasi."

"Tangu Krismasi! Na mwanaume wa watu anasimama kwenye mvua mara tatu kwa siku?"

Mama akafuta mudomo, taratibu. "Alifikiri namukatala," akasema. "Nilisikia. Niko na masikio. Nikaona anafurahia kunisaidia, nikamuacha asimame."

Nilicheka mupaka kijiko kikaanguka, na katikati ya kicheko nikaona ninalia. Nilikuwa nimefikiri sisi njo tunamuchunga.

Tuliporudi kwa fizio alimupima tena, vidole kooni. Akasema koromeo linapanda kwa wakati, si kila mara, lakini mara nyingi. Akamuruhusu mayi ya kawaida, funda ndogo, kidevu chini. Akaruhusu bukari laini, kipande cha ncha ya kidole, kiloweshwe muchuzini. Karanga apana. Tonge kavu apana, hata siku ya kufa. Sitadanganya kwamba mama amepona kabisa. Akichoka anakohoa. Ukimuchekesha akiwa na chakula kinywani anakohoa, na mi nimekatazwa kuongea wakati wa kula, adhabu ambayo bwana yangu anasema ilichelewa. Lakini kitenge kinafungwa tena mara moja, homa haijarudi, na pua yake ni yake.

Mwezi wa tano, baridi imeanza na vumbi halijaamka, tukamuingiza mukwe. Wanawake wa kanisa walisimama fasi ya jamaa zetu. Wakapika kuku, majani, maharage, na pale wa Chisenga waliofika asubuhi ile. Wakamuketisha bwana yangu juu ya mukeka mupya, shati limepigwa pasi, macho kwenye magoti yake. Mama wakamukalisha mbele yake, mugongo kwenye ukuta, na bakuli lake mwenyewe.

Hakuna mutu aliyekula kwanza. Wote walikuwa wanajua habari ya koo, wote walikuwa wanamutazama mama. Akachukua kipande cha bukari, akachovya, akatia kinywani. Akakaa nacho. Akameza. Akachukua kingine, na samaki. Bwana yangu hakugusa sahani yake. Alikuwa anasikiliza, na niliona jasho kwenye paji la uso wake wakati wa baridi. Mama alikula hivyo, bila haraka, mupaka bakuli likawa jeupe.

Kiisha akamuangalia bwana yangu usoni, na miaka yote hiyo alikuwa hajapata kumusemesha neno hata moja.

"Baba," akasema, "kuko samaki ingine?"

"Iko, mama," bwana yangu akajibu. "Iko mingi."